Nanga Haichaguliwi kwa Mazoea

Watu wa pwani tuna kiburi kimoja ambacho hatukitambui mpaka tutoke kwetu. Tunadhani kila jambo la maji ni letu. Akitajwa nahodha, ni wetu. Likitajwa tanga, ni letu. Na ikitajwa nanga, hapo hatungoji hata mtu amalize swali lake. Jibu tunalo mdomoni. Kisa ninachotaka kuwahadithia wasomaji leo ni cha kiburi hicho, na aliyekuwa nacho ni mimi mwenyewe. Kilitokea mbali na bahari, baina ya Kawangware na Kibera jijini Nairobi, na nusura kitugharimu roho za watoto wawili.

Mpwa wangu, mtoto wa dada yangu, ni mwalimu wa shule huko Kawangware. Alizaliwa Mombasa lakini alipelekwa Nairobi angali mchanga, na mke amemwoa Kibera, kwa Wanubi. Miaka miwili iliyopita alinunua mashua ndogo ya faibaglasi, urefu wake futi 14, yenye mashine ndogo ya nyuma. Si ya kuvulia samaki wa kuuza wala ya kuchukulia abiria. Ni ya kustarehe tu yeye na wanawe siku za mapumziko, katika ziwa la Naivasha, mwendo wa kilomita 90 hivi kutoka Nairobi. Najua wako watakaocheka: mtu anunue chombo asitafute riziki nacho! Lakini aishiye Kawangware, nyumba zilikobanana na matatu hazinyamazi usiku wala mchana, akitamani kukaa juu ya maji saa mbili tatu asikie ndege, mimi simlaumu.

Aliyemuuzia mashua alimpa na nanga. Ilikuwa kopo la rangi lililojazwa saruji, na pete ya chuma juu yake. Mara ya kwanza tu kulitumia, mpwa wangu aliona kopo linafuata mashua badala ya mashua kulifuata kopo. Ndipo aliponipigia simu.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba, mwanangu. Hujambo?"

"Sijambo. Mjomba, mimi nataka nanga. Nanga gani inafaa?"

Msomaji, sikumuuliza maji yana kina gani. Sikumuuliza chini ya ziwa kuna nini. Nilimwambia, "Nanga ni nanga. Nenda kwa fundi wa vyuma akufanyie yenye makucha manne, kama zetu za huku. Tia na kamba pima sita, ukae raha mustarehe."

Pale Naivasha Road, barabara inayopasua Kawangware, mafundi wa jua kali huchomelea milango na madirisha tangu asubuhi hadi magharibi. Fundi mmoja alikata nondo, akazipinda, akaziunga makucha manne kwenye shina moja. Alipomaliza aliinua kazi yake, akamuuliza mpwa wangu kama ni ya kuopolea ndoo kisimani. Wakacheka wote wawili. Ilikuwa na uzito wa kilo nne, na kwa macho ilikuwa nanga barabara, hata ungeitundika katika dau lolote la Mombasa isingeona haya.

SIKU YA UPEPO

Ziwa la Naivasha lina tabia yake. Asubuhi maji hulala kama kioo. Baada ya adhuhuri upepo huinuka, na kwa muda mfupi kioo kile huwa mawimbi mafupi yenye hasira. Jumapili hiyo mpwa wangu alikuwa na wanawe, wa kiume miaka kumi na mmoja na wa kike miaka tisa. Alitia nanga saa nne asubuhi, mahali penye kina cha mita tano hivi, wakatupa ndoana zao.

Upepo ulipoingia hawakujua kwamba wanakwenda. Ndivyo nanga isiyoshika inavyodanganya: kamba imekaza, mashua imegeukia upepo, kila kitu chaonekana sawa, kumbe nchi kavu ndiyo inayokuja. Walipozinduka walikuwa karibu na ukuta wa mafunjo, na mbele ya mafunjo yale vilikuwa vichwa vya viboko. Anayeyajua maziwa ya bara hahitaji kuelezwa kiboko ni nini kwa mashua ndogo. Mpwa wangu akawasha mashine, gugumaji likazonga panga la nyuma, mashine ikazima. Aliyewaokoa ni mvuvi mmoja aliyekuwa akipita, akawatupia kamba, akawavuta.

Walipoipandisha nanga yangu, makucha yake yalikuja na donge la tope jeusi na nyuzi za magugu. Ilikuwa imepita katika tope lile kama kitana katika nywele, isishike kitu.

Mama wa watoto alisema neno moja tu: hakuna mtoto wake atakayepanda mashua ile tena mpaka mjomba aliyetoa fatwa hiyo aje mwenyewe. Sikuwa na la kujitetea. Nilikata tikiti nikapanda Nairobi.

KIBERA ILIKUWA NA TANGA

Nilifikia kwa mkwe wa mpwa wangu, mzee wa Kinubi anayeishi Makina, kijiji cha kale cha Kibera. Wasomaji wengi wanajua kwamba Wanubi ni watu wa dini yetu, wazao wa askari wa Kisudani waliotumikia jeshi la Kiingereza la KAR, na kwamba wao ndio walioiita nchi ile Kibra, maana yake msitu. Walikaa hapo zaidi ya miaka mia bila hati ya ardhi, hadi mwaka 1997 ukapita, na 2007 ukapita, na Juni 2017 ndipo walipokabidhiwa hati ya ekari 288. Mzee alipoambiwa nimekuja kwa ajili ya nanga, alitabasamu. "Ndugu yangu," akasema, "unadhani sisi wa Kibera hatukuona mashua?"

Akanichukua kwa miguu mpaka kwenye bwawa la Nairobi, lililoko baina ya Kibera na Lang'ata. Bwawa hilo lilijengwa 1953 kwa kuuzuia mto Motoine, ambao ukishatoka hapo huitwa mto Ngong. Lina eneo la hekta 35 hivi, na kina chake cha wastani hakikufika mita tatu. Lilikusudiwa kuwa akiba ya maji ya mji, lakini lilipata umaarufu zaidi kwa starehe. Palikuwa na klabu ya mashua za tanga, na mzee anakumbuka alivyokuwa akikaa ukingoni na watoto wenzake siku za Jumamosi na Jumapili, wakihesabu matanga meupe.

Leo huwezi kuhesabu kitu. Kwa miaka mingi uso wa bwawa umefunikwa na gugumaji, na chini yake ni taka na tope. Maji machafu yaliingia kutoka mitaa ya juu ambayo haikupewa vyoo wala mifereji, mto ukaleta udongo, bwawa likajaa kidogo kidogo hadi mashua zikakoma. Nilisimama pale nikitazama majani mabichi ambapo zamani palikuwa maji, na kwangu mimi mtu wa bandarini ilikuwa kama kuona kaburi la bandari.

Mzee akaniuliza, "Huko kwenu Mombasa, chini ya maji kuna nini?"

Nikamjibu, "Mchanga, mawe na matumbawe."

"Na Naivasha chini kuna nini?"

Nikanyamaza. Ndilo swali nililopaswa kumuuliza mpwa wangu siku ile ya simu.

Mzee akaendelea, "Mashua za hapa zilipong'oa nanga, tuliona tope jeusi. Na nanga zao hazikuwa na makucha kama ya mwewe. Zilikuwa na majembe mawili mapana."

KILA NANGA NA NCHI YAKE

Tokea hapo nilikaa nikayafikiri mambo ambayo nimeyaona tangu utotoni bila kuyafikiri. Wazee wetu hawakuwa na nanga moja. Neno nanga lenyewe walilitumia hasa kwa ile ya makucha manne, na ile ya Kizungu yenye mikono miwili waliiita baura. Kabla ya chuma kuenea, walitumia mawe. Katika maji ya Kilwa na ya pwani ya Kenya zimepatikana nanga za mawe za kale, nguzo ndefu zilizochongwa na kutobolewa matundu, ambamo vilipitishwa vijiti vilivyokuwa makucha yake. Nanga ya makucha manne ikaenea kwetu kwa sababu inafaa kwetu: hutafuta ufa katika mwamba au tumbawe, ikajipachika. Katika tope laini haina ufa wa kutafuta.

Babu yangu, aliyekuwa mvuvi, alikuwa na bildi ya risasi ya kupimia kina. Chini yake ilikuwa na shimo dogo, naye akilijaza shahamu kabla ya kuiteremsha. Bildi ikigusa chini hurudi na habari: punje za mchanga, au vipande vya kombe, au tope. Ikirudi tupu, pale ni mwamba. Baada ya kutazama shahamu ile ndipo aliposema nanga gani itiwe. Mimi nilikuwa nimekikumbuka chuma cha babu nikasahau swali lake. Wahenga walisema mwana maji wa Kwale kufa maji mazoea, na nilikuwa nimefika karibu ya kuwaua wajukuu kwa mazoea yangu.

Tukianza na lile kopo la saruji, watu wengi hufikiri kwamba nanga hushika kwa uzito. Kila kitu kikiingia majini hupungua uzito, lakini si kwa kadiri moja. Saruji ya kilo 12 ikizama hubaki kama ina kilo saba tu, hali chuma cha kilo 12 hubaki na kilo kumi na nusu. Tena kopo ni la mviringo, halina cha kuchimbia. Hilo ni la kuzuia mtumbwi mahali pa shwari kwa muda mfupi, wala si la kuwekea watoto.

Iko nanga yenye umbo la uyoga, ambayo asili yake ni ya mhandisi Robert Stevenson wa Uskochi, mapema karne ya 19, alipohitaji kuishikilia meli ya taa karibu na mwamba wa Bell Rock. Uyoga huo hushuka ndani ya tope polepole, ukazama siku baada ya siku. Unafaa kwa chombo kitakachoachwa mahali pamoja majuma mengi. Kwa mtu wa kutia na kung'oa mara tatu kwa siku, uyoga mdogo haujapata wasaa wa kuzama.

Iko ile iliyofanana na plau, aliyoibuni Mwingereza Geoffrey Ingram Taylor, mtaalamu wa fizikia wa Cambridge, mwaka 1933. Ni nzuri katika mchanga na udongo, ila kwa mashua ya futi 14 ni nzito na ni ya gharama.

Na iko ya majembe mawili mapana yanayocheza kwenye bawaba, aliyoitengeneza Mmarekani Richard Danforth karibu na 1940, ikatumiwa sana na vyombo vya kuteremshia askari katika Vita Vikuu vya Pili. Hii ni nyepesi, hukunjika ikalala bapa, na ikivutwa majembe yake huchimba chini. Kadiri inavyovutwa ndivyo inavyozidi kuzama. Kwa mchanga majembe hufunguka nyuzi thelathini na kitu. Kwa tope laini sana, nyuzi 45 ni bora. Udhaifu wake ni mwamba na magugu mazito, ambako majembe huteleza juu. Nilimkumbuka mzee wa Makina na majembe yake mawili mapana. Alikuwa amenipa jibu ukingoni mwa bwawa lililokufa.

KAMBA NDIYO NUSU YA NANGA

Kosa langu la pili lilikuwa kamba. Pima sita ni kama mita 11, na mahali pale palikuwa na kina cha mita tano. Kamba ikiwa fupi, kila wimbi linaloinua mashua huivuta nanga kuelekea juu, nayo hung'oka kama muhogo. Kamba ikiwa ndefu huivuta kwa ubavu, na hapo majembe huuma. Kipimo kinachokubaliwa ni kuchukua kina cha maji, kuongeza kimo cha omo juu ya maji, kisha kuzidisha mara saba. Wakati wa shwari, ukiwa macho, mara tano yatosha.

Kamba ya nanga, ambayo wazee huiita amari, na iwe ya nailoni. Nailoni hunyumbuka, ikapokea mshituko wa wimbi. Katani huoza, na ile kamba ya plastiki ya rangi ya buluu inayouzwa kila duka huelea, ikaingia kwenye panga la mashine. Baina ya kamba na nanga patiwe mnyororo wa mita mbili, ili shina la nanga lilale chini. Pingu inayounga vitu hivi ifungwe waya kwenye pini yake, isijifungue yenyewe.

Nanga hutiwa kwa omo, haitiwi kwa tezi. Mashua ndogo ikifungwa kwa nyuma, penye mashine na uzito wote, wimbi hupanda likaijaza. Isitupwe, bali iteremshwe pole pole, na mtu asisimame ndani ya mzingo wa kamba. Kisu kikali kiwe karibu. Na kila aliyemo, mkubwa na mdogo, avae jaketi la kuokolea kabla ya kuondoka ufukoni.

TULIRUDI KWA FUNDI

Siku ya pili nilikwenda mwenyewe Naivasha Road. Fundi alinisikiliza kwa adabu, nikamchorea juu ya kipande cha boksi. Alikata mabamba mawili ya chuma, akayanoa ncha, akayafunga kwenye bawaba, akaweka kizuizi ili yasifunguke kupita nyuzi 45. Kisogoni tuliweka tundu la kamba nyembamba yenye chelezo, ili nanga ikikwama ivutwe kwa nyuma. Ilipokuwa tayari ilifika kilo nne, sawa na ile ya kwanza. Uzito ulikuwa mmoja, kazi si moja.

Jumamosi tulishuka Naivasha. Mama wa watoto alisimama ufukoni, simu mkononi, watoto amewashika. Nilipanda mimi na mpwa wangu tu. Bildi hatukuwa nayo, tukafunga nati kubwa ya lori kwenye uzi wenye mafundo, tukaibandika sabuni chini yake. Ilipanda na tope jeusi laini, na uzi ukasema mita nne. Omo ilikuwa nusu mita juu ya maji. Tukateremsha nanga, tukaachilia mita 32 za kamba, kisha mpwa wangu akairudisha mashua nyuma taratibu. Nilishika kamba kwa mkono. Kwanza ilitetemeka, ndipo ikakaza, mashua ikasimama kama iliyoshikwa na mtu.

Tulichagua alama mbili za nchi kavu, mti na paa la nyumba nyuma yake, tukangoja. Saa nane ya mchana upepo uliingia kama kawaida yake. Mashua iligeuza uso, ikapanda mawimbi ikashuka. Mti na paa havikuachana kwa saa nzima.

Sisi tuliosoma vyuoni tunajua kisa cha Nabii Nuhu katika Sura Hud, jinsi alivyolitaja jina la Mola kwa kwenda kwa safina yake na kwa kusimama kwake pia. Nimekisoma mara nyingi. Siku ile tu ndipo nilipofahamu kwamba kusimama salama nako ni neema ya kuombwa.

Tuliporudi ufukoni mama aliwaachia watoto. Niliwatungia ubeti mmoja waukariri, maana kanuni yenye vina haisahauliki upesi:

Nanga si uzani wake, nanga ni kushika chini,
Ziwa lina tope lake, lipimeni mashuani,
Na kamba iteremke, isikazwe mkononi,
Chombo kisichukulike na upepo wa jioni.

Kesho yake asubuhi, kabla upepo haujaamka, tulitoka sote wanne. Mpwa wangu alipozima mashine alinyoosha mkono kuichukua nanga. Yule binti wa miaka tisa akamzuia, akanigeukia.

"Babu," akauliza, "hapa chini kuna nini?"

Nikampa uzi wenye nati na kipande cha sabuni, apime mwenyewe.